Ukiambiwa Hutaruka, Njia Uliyoichagua Itakufaa Nini?

Asubuhi, kabla injini haijawashwa, chumba cha mafunzo ya urubani katika Jeshi la Anga la Marekani huwa kimejaa wanafunzi waliovaa suti za kurukia, wameketi wima, kimya. Mkufunzi anasimama mbele na kueleza hali: umetoka kuruka, unaendelea kupanda, taa ya moto wa injini imewaka. Kisha anataja jina. Aliyetajwa anainuka, anasimama kikakamavu, na kuanzia hapo ndege hiyo ya kufikirika ni yake peke yake. Aeleze anaishikaje, anasoma vipimo gani, anazima nini na anaelekea wapi kutua. Zipo hatua za dharura ambazo lazima azitaje neno kwa neno kama zilivyoandikwa kitabuni. Akiboronga, anaambiwa akae, na siku hiyo anaweza kabisa asiguse ndege. Mwenzake anainuliwa aendelee pale alipoishia yeye.

Nimeanzia humo kwa sababu ndani ya chumba kile huwezi kumtambua aliyetoka chuo cha kijeshi cha miaka minne, aliyetoka chuo kikuu cha kawaida, na aliyepita kozi ya uafisa ya wiki chache. Wanasomeshwa na wakufunzi walewale, wanarusha T-6 Texan II ileile yenye pangaboi moja, na wanapewa alama kwa kipimo kilekile. Moto wa injini hauulizi cheti cha mtu.

Sasa vijana wanaotaka urubani wa kijeshi huuliza karibu wote swali moja: njia ipi itanifikisha kwenye usukani upesi? Nalielewa swali hilo, na naipenda hamu iliyomo ndani yake. Lakini naona linatazama mahali pasipo na tofauti kubwa. Njia zote zikishafika kwenye mafunzo ya kuruka zinakuwa moja. Zinapotofautiana hasa ni nyuma na mbele ya chumba kile: nani anakuchagulia ndege, unajua lini kama kiti ni chako, na unakuwa nani siku utakayoambiwa kwamba hutaruka. Hilo la mwisho ndilo ambalo watu hawapendi kulitaja, na kwangu ndilo kipimo cha kwanza.

Wanaoambiwa hawaruki ni wengi kuliko picha za matangazo ya kuandikisha askari zinavyoonyesha. Yupo ambaye macho yake yanachanganya rangi na hakuwahi kujua. Yupo aliyekuwa na pumu utotoni, au ambaye kipimo cha moyo kimeonyesha kasoro ndogo isiyomsumbua katika maisha ya kawaida. Yupo mwenye afya kamili ambaye tumbo lake halizoei mizunguko ya angani, akatapika wiki baada ya wiki mpaka akaondolewa. Na yupo yule ambaye akili yake ni njema kabisa ila haiendi na kasi ya ndege: anafanya kila kitu sawasawa, sekunde kumi baada ya wakati wake. Hakuna aibu katika yoyote kati ya hayo. Lakini kila mmoja wao asubuhi inayofuata ataamka akiwa na mkataba, na mkataba huo ulitokana na njia aliyopitia.

Tuanze na chuo cha kijeshi, maana ndicho kinachotukuzwa zaidi. Chuo cha Jeshi la Anga cha Marekani kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1954 na kiko Colorado Springs. Waombaji walio wengi huhitaji kupendekezwa na mbunge au seneta wa jimbo lao, husoma miaka minne bila ada, na hutoka na shahada pamoja na kamisheni. Uingereza ilikuwa na chuo chake cha anga pale Cranwell tangu 1920. India huwachukua vijana waliomaliza sekondari, ikawaweka miaka mitatu katika chuo cha pamoja cha majeshi yote matatu pale Khadakwasla, karibu na Pune, kisha wa anga wakaendelea Dundigal, karibu na Hyderabad.

Uzuri wa vyuo hivi unajulikana, sina haja ya kuurudia. Kinachosahaulika ni kwamba vinakufundisha uafisa. Urubani unakuja baadaye, ukija. Mhitimu wa Colorado Springs ambaye hakupata nafasi ya kuruka bado analidai jeshi kamisheni, na jeshi linamdai angalau miaka mitano ya utumishi. Anaweza kupangwa kwenye ugavi, ujasusi, uhandisi au utawala. Kama aliingia kwa sababu ya ndege tu, miaka mitano hiyo itakuwa mirefu. Kama aliingia kwa sababu anataka kuongoza watu, na ndege ni tamanio lake la juu kabisa, basi amepoteza kitu kimoja na amebaki na vingi. Ndiyo maana nikiulizwa na kijana wa miaka 17 kama ajaribu chuo, nami humuuliza: ukipewa ghala la vipuri na askari arobaini wa kusimamia, utaamka na moyo gani? Jibu lake linaniambia zaidi kuliko alama zake za fizikia.

Mpango wa ROTC, ambao mwanafunzi husoma chuo kikuu cha kiraia huku akipata mafunzo ya uafisa pembeni, unafanana na chuo cha kijeshi kwa matokeo, ila maisha yake ni huru zaidi na mwanafunzi anachagua mwenyewe shahada ya kusoma. Nafasi za urubani hushindaniwa kabla ya kuhitimu. Hiyo ni faida kubwa, kwa sababu unajua mapema.

Shule ya Mafunzo ya Maafisa, ile kozi fupi ya wenye shahada tayari, ndiyo inayoitwa njia ya haraka. Kwenye karatasi ni kweli: wiki chache pale Maxwell, Alabama, na umeshakuwa Luteni Usu. Lakini majeshi huitumia kozi hii kama bomba la maji. Vyuo na ROTC hupanga idadi miaka kadhaa kabla, hivyo jeshi likihitaji watu zaidi hulifungua bomba hili, na likiwa na watu wa kutosha hulifunga. Mtu mwenye sifa zilezile anaweza kukubaliwa mwaka huu na kukataliwa mwaka ujao bila yeye kubadilika hata kidogo. Kutangulia si kufika. Nimewaona watu wakiacha kazi nzuri kusubiri jibu la bodi ya uteuzi, na jibu likaja kwamba mwaka huu nafasi ni chache. Usiache mbachao kwa msala upitao: njia hii inamfaa aliyebaki kazini huku akiomba, tena akaomba mara ya pili na ya tatu.

Historia nayo inathibitisha kwamba milango hii hufunguka kwa haja ya jeshi kuliko kwa ubora wa mwombaji. Chuck Yeager, aliyeuvuka mwendo wa sauti tarehe 14 Oktoba 1947, aliingia jeshini mwaka 1941 kama fundi wa ndege asiye na elimu ya chuo. Hakuwa na sifa za kuwa rubani kwa kanuni za wakati huo. Vita vilipopamba moto, kanuni zikalegezwa, akavishwa mabawa, ile beji ya rubani aliyefuzu, mwaka 1943. Mtu ni yuleyule na macho ni yaleyale. Kilichobadilika ni hesabu za makao makuu. Vivyo hivyo katika anga ya Uingereza mwaka 1940: Josef František, Mcheki aliyeruka na kikosi namba 303 cha Wapolandi, alidungua ndege 17 za adui akiwa sajenti. Leo Jeshi la Anga la Uingereza linataka rubani wake awe afisa.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye njia mbili ambazo hazizungumzwi vya kutosha.

Ya kwanza ni ya afisa mteule, cheo kilicho kati ya askari wa kawaida na maafisa wa kamisheni, katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Huyu si lazima awe na shahada. Anaweza kuomba akiwa na cheti cha sekondari, akafanya mtihani wa uteuzi wa marubani na vipimo vya afya, akafaulu usaili wa bodi, kisha akapitia mafunzo ya awali ya askari, kozi ya maafisa wateule na shule ya kurusha helikopta kule Fort Rucker, Alabama. Black Hawk, Apache na Chinook zinarushwa kwa sehemu kubwa na watu wa cheo hiki.

Kinachonivutia zaidi ya wepesi wa kuingia ni kazi yenyewe baada ya hapo. Afisa wa kamisheni huanza kwa kuruka, kisha kadiri cheo kinavyopanda ndivyo saa za angani zinavyopungua. Anapewa kombania, baadaye meza ya mipango, baadaye chuo cha makamanda. Ndivyo jeshi linavyotengeneza majenerali. Afisa mteule anabaki na ndege. Baada ya miaka kumi na tano yeye ndiye mkufunzi, au rubani wa majaribio anayeipaisha helikopta iliyotoka matengenezoni kuhakikisha kila bolti imekaa, au mtu wa usalama wa safari za ndege ambaye kamanda humsikiliza kabla ya kutuma watu usiku. Kijana anayesema "nataka kuruka, sitaki kingine" mara nyingi anaielezea kazi hii bila kulijua jina lake.

Lakini tazama na upande wa pili. Anayeshindwa kozi kabla ya kuvishwa cheo hurudi kuwa askari wa kawaida, na jeshi ndilo linaloamua atafanya kazi gani kumaliza mkataba. Bila shahada mkononi, hana pa kuegemea pana. Na tangu mwaka 2020 mkataba wa rubani wa jeshi hilo ni miaka 10 baada ya kumaliza mafunzo. Zamani ilikuwa sita. Kwa hiyo njia inayokuingiza kwa masharti mepesi inaweza kukuangusha kwa kishindo zaidi. Sisemi usiipite. Nasema ipite ukijua, na kama unaweza kupata shahada kwanza bila kuvuka umri, ipate.

Ya pili ni ya Walinzi wa Taifa wa Anga, yaani vikosi vya akiba vya anga vya majimbo ya Marekani. Hapa mpangilio umegeuzwa kabisa. Kwenye njia nyingine jeshi hukuchukua, likakufundisha, kisha likakupangia ndege kulingana na alama zako na mahitaji yake. Siku ya kupangiwa ni siku ya furaha na machozi: jina linaitwa, picha ya ndege inatokea kwenye skrini, na miaka yako kumi ijayo imeshaamuliwa mbele ya wenzako wote. Walinzi wa Taifa huanzia mwisho. Kikosi chenye ndege zake, tuseme F-16 za kivita au C-130 za mizigo, hutangaza nafasi, husaili waombaji na kumchagua mmoja au wawili. Ukichaguliwa unajua ndege yako na kituo chako kabla hujaenda hata kozi ya uafisa.

Wanaokuchagua ni watu watakaoketi kando yako kwa miaka mingi, wengine miaka ishirini. Ndiyo maana waombaji makini huenda kukitembelea kikosi siku za mwisho wa wiki ambazo kinafanya mazoezi, wakajitambulisha, wakasaidia kubeba viti, wakazungumza na mafundi. Na mafundi huulizwa baadaye: yule kijana alikusalimieni? Alama za mtihani humfikisha mtu kwenye usaili. Baada ya hapo wanatafuta mtu wa kusafiri naye usiku kucha juu ya bahari bila kuchoshana.

Udhaifu wake? Umejifunga kwa kikosi kimoja, na vikosi navyo hubadilishiwa kazi. Mwaka 2025 walinzi wa anga wa jimbo la Maryland waliagana na ndege zao za A-10 na kubaki bila ndege, wakaelekezwa kwenye ulinzi wa mitandao ya kompyuta. Marubani waliochaguliwa kwa ajili ya ndege ile moja walilazimika kuhama, kujifunza ndege nyingine au kuacha. Ahadi ya kikosi ni ya kweli, ila kikosi hakiamui bajeti ya taifa.

Kikosi cha Wanamaji wa Miguu cha Marekani, maarufu kama Marine, kina utaratibu wake wa katikati ambao naupenda kwa uwazi wake. Mwombaji anaweza kupewa mkataba wa anga kabla ya kuvishwa cheo: akimaliza kozi za uafisa na akiwa na afya, nafasi ya mafunzo ya urubani ni yake. Ndege gani, hakuna ahadi. Na kabla ya kuruka atakaa karibu miezi sita Quantico akijifunza kuongoza kikosi cha askari wa miguu porini, matope mpaka magotini, kwa sababu wanaamini rubani anayewasaidia walio ardhini lazima aijue ardhi. Ukisoma sharti hilo ukaona ni usumbufu, hapo si pako. Ukisoma ukatabasamu, nenda.

Kuna jambo moja linalozisawazisha njia zote, nalo ni kungoja. Ndege ya mafunzo ya T-38 ya Marekani iliruka mara ya kwanza mwaka 1959 na bado inafundisha. Injini zake zikikosa vipuri, foleni ya wanafunzi inarefuka. Uingereza nayo iliwahi kuwa na vijana waliokwisha kufaulu usaili lakini wakakaa miaka wakisubiri zamu kati ya hatua moja na nyingine, na wakaguzi wa hesabu za serikali yao waliliandika hilo katika ripoti ya mwaka 2019. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya "haraka" usihesabu urefu wa kozi. Hesabu na miezi ya kukaa dawati la mapokezi la kikosi fulani ukipanga faili, ukisubiri namba yako.

Kwa nini mikataba ni mirefu hivyo? Sababu ni gharama. Uchunguzi wa taasisi ya RAND wa mwaka 2019 ulikadiria kwamba kumfikisha rubani mmoja kwenye sifa za msingi kunaligharimu Jeshi la Anga la Marekani takriban dola milioni 1.1 kwa ndege ya mizigo ya C-17, na hadi milioni 10.9 kwa ndege ya kivita ya F-22. Hakuna anayemwaga fedha hizo kwa mtu atakayeaga baada ya miaka mitatu. Jeshi la Anga hudai miaka 10, na saa yake haianzi siku uliyosaini. Inaanza siku ya kuvishwa mabawa. Kijana wa miaka 23 anayeingia mafunzoni atakuwa huru akiwa na takriban miaka 35. Katika muda huo atakuwa ameoa au kuolewa, amezika wazazi pengine, na amehama nyumba mara tatu au nne. Uamuzi huu usifanywe bila kumhusisha utakayeishi naye.

Wapo wanaoniambia wazi kwamba shabaha yao ni mashirika ya ndege za abiria na jeshi ni daraja tu. Sina ugomvi nao. Marekani hudai saa 1,500 za kuruka kabla ya kushika usukani wa ndege ya abiria, na rubani wa kijeshi hupunguziwa hadi 750. Punguzo hilo ni la thamani, lakini kulibadilisha na miaka kumi ya maisha ni biashara mbaya kwa asiyependa jeshi lenyewe. Mwenye shabaha hiyo tu, shule ya kiraia itamfikisha mapema zaidi.

Basi aanze wapi kijana aliye na hamu ya kweli? Kwa daktari. Si kwa ofisi ya kuandikisha, maana yule wa ofisini ana idadi ya kutimiza. Apimwe macho na rangi, masikio, moyo, mgongo. Apimwe hata urefu wa kukaa, kwa maana viti na kanyagio vya ndege nyingi vilisanifiwa kwa vipimo vya wanaume wa miongo iliyopita, na wanawake wengi walikatishwa tamaa na hilo kabla hawajajaribu. Mwaka 2020 Jeshi la Anga la Marekani liliondoa sharti la urefu wa chini kwa waombaji, na sasa mtu hulinganishwa na ndege moja moja badala ya kufungiwa mlango mzima. Aliyekataliwa kabla ya hapo kwa ajili ya kimo anaweza kurudi kuuliza.

Kisha aangalie umri wake, kwa sababu milango haifungwi siku moja. Chuo cha kijeshi hufungwa mapema. Ukishavuka miaka yako ya mwanzo ya ujana huwezi kurudi tena. ROTC inahitaji uwe bado mwanafunzi. Kozi ya wenye shahada, afisa mteule na Walinzi wa Taifa hubaki wazi hadi miaka ya thelathini na kitu. Anayejaribu kwa mpangilio huo, kuanzia mlango unaofungwa kwanza, anapata majaribio matatu au manne pale ambapo mwenzake alipata moja. Ila asome kanuni za kila mahali kwa makini. India, kwa mfano, jaribio la kompyuta la kupima uwezo wa urubani hufanywa mara moja tu maishani; ukishindwa, huruhusiwi kurudia, uje kwa njia yoyote uitakayo. Huko mtu haendi kujaribu bahati. Anajiandaa miezi mingi, na anaomba usingizi mzuri usiku wa kuamkia siku hiyo.

Na siku ya kusaini, aufungue mkataba mbele ya afisa aliyemletea, amwombe aweke kidole kwenye mstari unaosema itakuwaje akiondolewa katika mafunzo. Mstari huo upo. Ausome mara mbili, aende nao nyumbani, arudi kesho.